Ongeza mruko wako kwa mazoezi ya kuruka ndani ya maji, hatua kwa hatua

Habari zenu wanamichezo, karibuni tena. Leo tuko bwawani, na hii ni ya watu wa wavu, kikapu na netiboli, yaani wewe ambae unataka kuruka juu zaidi ila magoti yako yameshachoka na sementi. Viwanja vyetu vingi vya nje ni sementi tupu, kijana anacheza mechi wikiendi, katikati ya wiki kocha anampa mazoezi ya kuruka palepale, goti linavimba alafu anaambiwa avumilie. Hapana jamani, asivumilie, maji yapo tuyatumie.

Kabla hatujaanza sikiliza hapa vizuri maana ndipo wengi wanapoharibu: kina cha maji. Maji yakikufika kiunoni miguu inabeba kama nusu tu ya uzito wako, yakifika kifuani inabeba kama theluthi hivi, yakifika shingoni inabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwahiyo mtu wa kilo 80 akisimama kwenye maji ya kiuno miguu yake inabeba kama kilo 40, akisogea mpaka shingoni inabeba kama kilo 8, na kwa kilo 8 hujaruka, umeelea. Tunataka maji yawe kati ya kiuno na kifua. Goti linauma au ndo unatoka kwenye majeraha na fizio, yaani mtaalamu wa viungo, ameshakuruhusu kuruka, anza usawa wa kifua. Uko fiti, njoo kiunoni.

Na kwanini maji yanajenga mruko? Ukiwa unapanda maji yanakuzuia, ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, kwahiyo paja na kigimbi lazima visukume kwelikweli, alafu ukishuka maji hayohayo yanakupokea, kishindo kinapungua. Ndo maana kesho yake misuli haiumi sana kama ungeruka nchi kavu.

Haya, huna bwawa unaenda baharini, sawa, ila angalia maji ya siku hiyo. Kipindi cha bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, kwenye pwani yetu maji yanaweza kupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa mpaka kujaa, na ni ndani ya saa 6 tu, na zile saa za katikati ndo yanapanda kwa kasi, unaanza yako kiunoni, unafika seti ya mwisho yako kifuani na mkondo unakuvuta. Nenda siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayapandi wala kushuka sana, au yakiwa yametulia mwisho wa kupwa, chagua sehemu ya mchanga mtupu usio na mawe, na ukiingia buruza miguu usinyanyue, samaki taa mwenye mwiba mkiani akisikia mchanga unasogea anaondoka mwenyewe. Usiende peke yako. Kama hujui kuogelea usifanye hili baharini kabisa, fanya bwawani upande wa kina kifupi na mtu akiwa anakuangalia.

Miguuni vaa viatu vya maji au raba za zamani zenye soli inayoshika, vigae vya chini vinateleza, na mguu ukiteleza wakati unasukuma ndo enka, yaani kifundo cha mguu, inageuka.

Hatua ya kwanza, pasha mwili dakika 8 mpaka 10. Tembea majini kwenda na kurudi, kisha nyanyua magoti juu, kisha kisigino kugusa makalio, kisha tembea kinyumenyume. Usiiache hatua hii eti kwasababu maji hayana kishindo.

Hatua ya pili, mruko wa vifundo. Miguu upana wa nyonga, magoti yamekunjwa kidogo sana na yabaki hivyohivyo, unaruka kwa enka tu, juu chini juu chini. Angalia mguu wangu hapa, nikigusa chini naondoka hapohapo. Hapa ndo roho ya zoezi lote ilipo, kwasababu maji yanakulegeza, yanakufanya ukae chini muda mrefu kuliko nchi kavu, ukiyaachia unajizoesha kuwa mzito. Gusa chini kama unakanyaga mchanga wa saa saba mchana. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia, seti 3.

Hatua ya tatu, mruko wa kuchuchumaa na mikono. Simama wima, shuka haraka mpaka robo ya kuchuchumaa, usiende chini sana, na palepale bila kusimama lipuka juu, mikono ipande na wewe mpaka juu ya kichwa. Viganja vikiwa ndani ya maji vigeuze vikate maji kwa ubavu, ukivifungua kama kasia vinakuvuta chini na mabega yatachoka kabla ya miguu. Kutua, vidole kwanza kisha kisigino, na magoti yafuate vidole yasiingie ndani. Hili la magoti kuingia ndani dada zangu wa netiboli liangalieni sana, jirekodi na simu uone, maana majini halikuumi ila ukirudi uwanjani ndo linaleta shida. Mara 8, seti 3, pumzika dakika moja na nusu. Ukiona mruko wa 6 ni mfupi kuliko wa kwanza, acha seti, pumzika. Hapa hatutafuti jasho, tunatafuta nguvu ya ghafla.

Hatua ya nne, magoti kifuani. Unaruka unavuta magoti yote mawili kuelekea kifua, unayashusha haraka kabla hujagusa chini. Mara 6, seti 2. Mgongo usijikunje, ni magoti yanakuja kwako.

Ya tano ni mguu mmoja, kwenda mbele mita 5 kwa mguu wa kulia, kurudi kwa wa kushoto, kisha kuruka pembeni kushoto kulia. Seti 2 zinatosha. Kwa wiki mbili za kwanza unaweza kuiacha hii.

Ukimaliza tembea taratibu dakika 5 na kunywa maji, ndani ya bwawa unatoka jasho ila hulioni.

Fanya mara mbili kwa wiki, siku mbili zisifuatane, kwa wiki 6. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wasichana wa wavu walifanya mazoezi kama haya mara mbili kwa wiki kwa wiki 6 kwenye maji ya kama mita 1.2, mruko wao ukapanda kwa asilimia 11, wenzao waliokuwa kwenye mazoezi ya kawaida ya timu bila ya majini wakapanda asilimia 4. Na kitu ninachopenda watu wakijue, mpaka wiki ya 4 makundi yote mawili yalikuwa yanakaribiana, tofauti ilikuja wiki mbili za mwisho. Sasa wewe unaacha wiki ya 3 unasema maji hayafanyi kazi.

Ila usihamie majini moja kwa moja. Maji yanapunguza kishindo cha kutua, na mechi ina kishindo, kwahiyo mwili lazima ujue kukipokea. Kuanzia wiki ya 5 siku moja ibaki majini na nyingine ruka kwenye nyasi, mruko uleule wa hatua ya pili na ya tatu, nusu ya idadi.

Kujipima ni rahisi, paka chaki kwenye vidole, simama ubavu kwa ukuta, gusa juu kabisa nyayo zikiwa chini, alafu ruka ugonge ukuta, pima kati ya alama mbili. Ruka mara 3 chukua ya juu. Jipime kabla ya kuanza, na tena mwisho wa wiki ya 6 ukiwa umepumzika siku mbili, usijipime jioni ya siku ya mazoezi utajikatisha tamaa bure. Namba zako zote mbili niandikie kwenye komenti na mchezo unaocheza.