Sogeza Maiki Kabla ya Kugusa Kitufe

Nimefurahi kuona wengi mmekuja na magita kavu, yale yasiyo ya umeme. Tabora ni mji wa gita tangu enzi za bendi ya Tabora Jazz, na inaniuma nikisikia kijana anayepiga vizuri hivi halafu rekodi yake inavuma kama ngoma. Mkono wake hauna tatizo. Tatizo ni pale alipoiweka maiki.

Karibu kila chumba ninachoingia, toka Isevya hadi Ipuli, maiki inatazama tundu la gita. Ukimuuliza mwenyewe, anakwambia sauti si inatokea humo? Hapana. Sauti kubwa ya gita inatoka kwenye ule ubao wa mbele unaotikisika. Kinachotoka tunduni zaidi ni besi ya hewa iliyomo ndani, na kwa magita mengi makubwa hewa hiyo huvuma kwenye hezi 100 hivi, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde. Sasa noti ya G ya chini, ile ya waya wa sita freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatisha shingoni), ni hezi 98. Ndiyo maana ukipiga kodi ya G, yaani noti zake kadhaa kwa pamoja, mbele ya tundu, noti moja inazimeza zote.

Kaka, hebu tupigie G, taratibu, usiache. Sikilizeni ninapoisogeza maiki. Hapa tunduni: mmesikia ule mvumo? Sasa naipeleka freti ya 12, pale shingo inapokaribia mwili, umbali wa shubiri moja na kidogo, kama sentimita 25, naigeuza kidogo ielekee mwilini. Waya zote sita zimeanza kusikika, kila mmoja na sauti yake. Sijagusa kitufe chochote cha kurekebisha sauti. Nikiirudisha karibu, sentimita 5, besi inapanda tena hata kama sipo tunduni, kwa sababu maiki inayosikiliza upande mmoja huongeza besi kila inaposogezwa karibu na chombo. Mkono wako ukichoka kushika, weka stendi, lakini kwanza tafuta kwa masikio, hedifoni zikiwa kichwani, mwenzako akiendelea kupiga.

Chumba nacho kinaingia kwenye rekodi. Usikae kwenye kona wala usitazame ukuta mtupu. Tandika godoro nyuma ya maiki, tundika mablanketi, zima feni. Na masika haya yakianza kupiga bati, acha, subiri ipite. Hakuna programu itakayoiondoa mvua bila kuondoka na gita lako.

Kwenye kiwango cha sauti ndipo watu wananibishia. Wameambiwa wapandishe geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, mpaka taa ikaribie nyekundu. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za kanda, kwa sababu kanda ina mchakacho wake na ukirekodi chini unakufunika. Kwenye kompyuta, ukirekodi kwa biti 24, ule mpangilio wa ubora unaouchagua kwenye programu, mchakacho wa mfumo uko chini mno, huna sababu ya kukimbilia juu. Ila juu kuna dari: desibeli 0, mwisho wa kipimo cha sauti kwenye skrini. Ukiigonga, kilele cha wimbi kinakatwa bapa, na kilichokatwa hakirudi.

Kwa hiyo mwambie mpigaji apige kile kipande kikali kuliko vyote vya wimbo, tena kwa nguvu atakayoitumia kweli. Wengi wakijaribiwa hupiga kwa adabu, wakianza kurekodi damu inachemka. Weka geini ili vile vilele vifike kati ya desibeli hasi 12 na hasi 10. Itaonekana ndogo kwenye skrini. Iacheni hivyo hivyo, mtaipandisha wakati wa kuchanganya.

Wenye maiki mbili: ikiwa ya kwanza iko sentimita 25 toka kwenye gita, ya pili ikae angalau sentimita 75 toka kwa mwenzake. Zikikaribiana ovyo, wimbi la hii linalifuta la ile na besi inapotea. Zichanganye ziwe spika moja, kama simu ya kawaida inavyotoa, usikilize. Gita likikonda ghafla, sogeza maiki ya pili, si kitufe.

Haya, nani mwingine ana gita lake? Njoo ukae kwenye kiti hiki, tuanze upya na lako, maana kila mwili wa gita una mahali pake.