Daktari Asiyekunywa na Baa Yenye Jina Lake

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mashujaa wa mtaa na baa zinazopendwa, mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai meza moja. Shujaa tunamjengea sanamu. Baa tunaiendea jioni, na wengine wetu kwa kujifichaficha. Basi twendeni Soho, katikati ya London, maana pale yameoana kwa namna ya kuchekesha: kuna baa inaitwa John Snow, na huyo John Snow tangu ujanani alikuwa mtu wa kuacha pombe, tena wa kusimama mbele za watu akiwahimiza nao waache.

Tuanze na mwaka 1854. Usiku wa kuamkia Septemba, kipindupindu kililipuka Broad Street, barabara ambayo leo inaitwa Broadwick Street. Ndani ya siku tatu watu zaidi ya mia moja wakawa wamekufa, na mpaka ugonjwa unatulia hesabu ilifika 616. Wenye elimu wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, na Soho kwa kunuka ilikuwa inanuka kweli, kwa hiyo hoja yao ilionekana imekaa sawa.

Snow hakukubali; yeye alishuku maji ya kunywa. Alikuwa daktari wa nusukaputi, mwaka uliotangulia alimpa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua, lakini makazi yake ya awali yalikuwa hapohapo Soho, Frith Street. Alikwenda kwa msajili akaomba orodha ya waliokufa, akapewa vifo 83 vya siku tatu, akaanza kutembea nayo mkononi. Karibu wote walikaa jirani na pampu ya Broad Street. Kumi tu walikuwa karibu na pampu nyingine, na familia tano kati ya hizo zikamwambia: sisi maji yetu tunaagiza Broad Street, ndiyo tunayoyapenda. Kulikuwa na mjane mmoja aliyehamia Hampstead, mbali kabisa, ambaye alipenda ladha ya maji yale kiasi kwamba chupa ilikuwa ikipelekwa kwake kwa mkokoteni. Alikufa yeye, akafa na mpwa wake aliyekunywa chupa hiyohiyo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kaunta inapoingia. Baa zote za jirani zilikuwa zinachanganyia pombe kali maji ya pampu ile. Mama mmoja aliyekuwa na mgahawa wa kahawa, ambako mafundi walikula mchana wakishushia maji hayohayo, alimwambia Snow tarehe 6 Septemba kwamba tayari anawajua wateja wake tisa waliokufa. Tisa! Wakubwa wa parokia hawakuwa na hesabu hiyo. Mwenye kaunta anayo, kwa sababu anaona kiti kitupu, na anajua ni kiti cha nani.

Na kinyume chake: palikuwa na kiwanda cha bia mtaani humo, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Mwenye kiwanda alieleza kwamba vijana wake wanapewa bia, anaamini maji hawayagusi, na tena kiwanda kina kisima chake. Namwonea huruma Snow. Hebu fikirini mhubiri wa kuacha pombe anavyoandika ushahidi huo kwa mkono wake mwenyewe! Lakini aliuandika, hakuuficha, na hilo peke yake kwangu linamstahilisha baa.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uking'olewa, watu wasichote tena. Watu hupenda kusimulia kana kwamba kifo kilikatika palepale. Sivyo. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kwa kuwa wengi walikuwa wamekimbia, na Snow mwenyewe alilikiri hilo.

Kuna mtu wa pili, na huyu ndiye hasa aliyenileta hapa. Anaitwa Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka pale Berwick Street, kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliposikia hoja ya pampu aliona ni upuuzi, akaamua kuipinga. Tofauti ni kwamba yeye milango ile alikuwa ameshaipiga hodi kabla ya msiba. Alijua nani anaishi ghorofa ya ngapi, nani ameolewa, nani amehama usiku. Akarudi nyumba kwa nyumba, wengine mara nne au tano, na kila alipouliza, pampu ikamrudia. Mwisho ndiye aliyegundua chanzo: nyumba namba 40, mbele ya pampu kabisa, mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya wote, na mama yake alimwaga maji ya nepi kwenye shimo la uchafu. Shimo lilipofukuliwa, likakutwa halifiki mita moja kutoka kisima cha pampu.

Aliyekuja kupinga akawa rafiki wa aliyempinga. Snow alifariki 1858, akiwa na miaka 45. Miaka mia moja hivi baada ya kipindupindu, baa ya pale ikapewa jina lake. Kipo na chama kinachomuenzi. Ukijiunga, unatakiwa kuingia kwenye baa hiyo kila unapofika Soho, na kila mwaka wana mhadhara ambapo mpini wa pampu huondolewa kwa sherehe. Whitehead hana baa.

Labda wateja wenyewe wangemkumbuka wangeulizwa, maana wateja nao hubatiza baa. Si mbali na pale, Dean Street, kuna baa ambayo kibao chake kilisomeka York Minster, lakini Wafaransa waliokimbia vita walijazana humo na watu wakazoea kuiita ya Wafaransa. Mwaka 1984 kibao kikasalimu amri, kikaandikwa French House. Bia wanauza nusu painti, ukitaka nzima wanakushangaa.

Mkifika Broadwick Street, tazameni chini. Pampu iliyopo leo ni mfano tu, haina mpini. Penyewe pa zamani pamewekewa jiwe la matale jekundu ukingoni mwa njia, ubavuni mwa baa. Jioni ndani kukijaa, wanywaji hutoka nje na glasi zao, wakasimama pale wakipiga soga, na mara nyingi kuna mmoja amelikanyaga bila kujua.