Kilo 23 za Spana: Ndani ya Sanduku la Fundi wa Mbio za Baiskeli

Ndugu mafundi, nanyi mliokuja kwa mapenzi ya baiskeli tu, karibuni.

Tuanze na mizani. Sanduku la fundi wa timu ya mbio za barabarani husafiri kwa ndege, na mashirika mengi huruhusu mzigo wa kilo 23. Ganda gumu peke yake hula kilo kadhaa kabla hujatia hata bisibisi. Ndiyo maana fundi wa duka huongeza vifaa mwaka hadi mwaka, na wa mbio hupunguza. Kifaa kisichoguswa msimu mzima kinahamia kwenye lori la timu, na mashine kubwa za kukereza fremu hazisafiri kabisa.

Kinachobaki hupangwa kufuata kinavyohitajika, si kufuata jamii yake. Trei ya juu ina alenki (funguo za pembe sita), spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), koleo la kukatia kebo, kipimo cha cheni na koleo la kiungio cha cheni. Chini hukaa vya kufungulia kaseti (gia za gurudumu la nyuma), krenki (mikono ya pedeli) na bearingi. Kila kifaa kina tundu lake lililochongwa kwenye povu, tena wengi huweka povu la rangi mbili ili tundu tupu lipige kelele. Likiwa tupu usiku, spana imesahaulika mahali, na mahali pabaya kuliko pote ni juu ya paa la gari la timu.

Alenki ndizo nitakazokaa nazo kidogo. Saizi zinazohitajika, kwa milimita, ni 2, 2.5, 3, 4, 5, 6 na 8, na kando yake bisibisi ya nyota ya T25. Ya 4 na ya 5 hufanya kazi kubwa ya siku, na ndizo zinazokufa mapema, ila hazifi kwa kuvunjika. Pembe zake sita hulika taratibu, nafasi kati ya chuma na bolti hukua, halafu siku moja tundu la bolti linakuwa duara. Shika ncha kwenye mwanga: pembe zikiwa na mstari unaong'aa, zimeanza kulika. Tia kwenye bolti mpya na uitikise. Ikicheza, usiiguse baiskeli ya mtu nayo. Haitupwi. Saga milimita 2 au 3 za ncha, ukiichovya majini kila baada ya sekunde chache, maana chuma kikipata moto hadi kibadilike rangi kinalainika, nawe umejitengenezea msumari. Na ile ncha ya mviringo iliyo upande mrefu ni ya kuzungushia bolti iliyokwisha kulegea. Ukiitumia kulegeza, kichwa chake kinaweza kukatikia ndani ya bolti, na hapo umepata kazi ya mchana kutwa.

Spana ya toki sasa haina mjadala, kwa sababu ya kaboni. Bolti za stemu, ile shingo inayoshika usukani, nyingi hutaka niutoni mita 5 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Zikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hadi zote zifike. Ukiimaliza moja kwanza, kibano kinakaa upande na kaboni inabanwa mahali pamoja. Ufa huanzia hapo, hauonekani, na usukani hukatika wiki nyingine kabisa. Nguzo ya tandiko ikiteleza, jibu ni ute mzito wa kaboni wenye chembechembe za kuzuia kuteleza, si niutoni za nyongeza. Nati ya kaseti hutaka 40, kwa hiyo spana moja haitoshi: ndogo ya 2 hadi 14 au karibu na hapo, na kubwa ya kufika 50. Spana ya toki hailegezi bolti, na ile inayolia "tak" hurudishwa kwenye namba yake ya chini kabla ya kulala, la sivyo springi hupoteza ukweli wake.

Sasa hanga, kile kipande kidogo cha alumini kinachobeba deraila ya nyuma, yaani kile kinachohamisha cheni kati ya gia. Baiskeli ikilalia upande wa kulia, ndicho kinachopinda, na gia 12 hazisamehe. Hapo kuna kifaa kirefu chenye mkono: ondoa deraila, ufunge kifaa kwenye tundu lake, kisha upime umbali kutoka ncha ya mkono hadi kwenye rimu, juu, chini, mbele na nyuma. Kosa la wengi ni kuzungusha mkono na kuacha gurudumu palepale. Rimu nayo inaweza kuwa imepinda, ikakudanganya. Pima sehemu moja tu ya rimu, tuseme karibu na valvu, na uizungushe pamoja na mkono kila unapohama. Park Tool, watengenezaji wa vifaa vya mafundi wa baiskeli, hukubali tofauti ya hadi milimita 4. Kwenye mbio shusha zaidi ya hapo. Nyoosha kidogo kidogo. Hanga iliyokwenda na kurudi mara kadhaa imechoka, na akiba yake haina uzito wowote.

Cheni nitaipitia haraka. Viungo 12 kamili vya cheni mpya, pini hadi pini, ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 imerefuka asilimia 0.5, na kwa gia 11 au 12 imekwisha. Rula ya chuma inatosha.

Ndani ya gari mambo ni mengine. Fundi hukaa kiti cha nyuma, magurudumu ubavuni. Tangu breki za diski ziingie, ekseli hufunguliwa kwa alenki ya 6, kwa hiyo mkononi anashika drili ndogo ya betri yenye ncha hiyo. Klachi ya drili iwekwe chini: ikiwekwa juu, nyuzi za sikio la fremu huliwa kwa sekunde moja. Umaliziaji ni wa mkono. Gurudumu likiwa nje, mtu asiguse breki. Pistoni zikikutana, diski haiingii, ndiyo sababu kabari ya plastiki hukaa mfukoni, si sandukuni.

Haya yote yangekuwa hatia zamani. Mwaka 1913, kwenye mbio za Tour de France, mpanda baiskeli Eugène Christophe alivunjikiwa foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) kwenye mlima Tourmalet, akaibeba baiskeli hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan na kufua chuma mwenyewe kwa mhunzi. Waamuzi walimwadhibu kwa sababu kijana mmoja alimvutia mivuvio.

Nyumbani kwetu Afrika, mashindano ya dunia ya Septemba 2025 yalifanyika Kigali, na mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Miteremko ya namna hiyo huchemsha breki. Hapa tahadhari ni moja: Shimano na SRAM ni watengenezaji wa vipuri; breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na za SRAM za barabarani mara nyingi hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT. Yakichanganyika, sili huvimba na pistoni hukwama. Sirinji za kujazia mafuta ziwe mbili, kila moja na utepe wa rangi yake, zisikae mfuko mmoja.

Betri nazo. Za akiba za lithiamu hupanda nawe ndani ya ndege, hazishuki na mizigo. Mikono mipya ya breki na gia ya Shimano Di2 (gia za umeme) isiyo na waya hutumia kibetri cha CR1632, ya SRAM CR2032, chukua mbilimbili. Na kwa SRAM, deraila ya mbele na ya nyuma hutumia betri ileile: ya nyuma ikizima njiani, mpanda baiskeli huzibadilisha mwenyewe.

Nimeletewa kikaratasi kinachouliza aanze na nini mwenye pesa kidogo. Alenki nzuri za 4, 5 na 6, si seti ya ishirini ya bei rahisi. Kisha spana ya toki ya 5 peke yake, rula ya chuma, spana ya pedeli ya 15, na kumbuka pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuelekea mkono wa saa. Kifaa cha hanga mnunue watu wanne.