Kuitega Mashine ya Randa na Kuitumia bila Kupoteza Kidole

Karibuni tena karakanani, ndugu watazamaji. Leo tunaitega mashine ya randa, ile yenye meza mbili za chuma na ngoma ya visu katikati, ambayo baadhi ya mafundi wanaiita jointa. Kazi yake ni kuupatia ubao uso mmoja ulionyooka na ubavu mmoja ulio mraba na uso huo, basi. Kusawazisha unene ni kazi ya mashine nyingine, na fundi anayetafuta unene sawa kwa kuugeuzageuza ubao kwenye mashine hii ataishia kushika kabari. Sauti mnayoisikia nimeirekodi baadaye, kwa sababu mashine inapozunguka hakuna neno linalosikika, na nilipoitazama picha niliona makosa yangu mawili ambayo nimeamua kuyaacha yalivyo.

Kosa la kwanza mnaliona sasa hivi: nina saa mkononi. Kijana wangu anayeshika kamera alinikumbusha, nikaivua pamoja na pete. Mikono ya shati ikunjwe kupita kiwiko. Glavu zisivaliwe kabisa, kwa kuwa kisu kikinasa kitambaa chake huvuta na mkono uliomo ndani. Vaeni miwani na vizibo vya masikio, na barakoa pia, kwani vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Mimi nilifanya kazi miaka mingi nikiwa nimejifunga leso puani. Leso hiyo ilizuia maranda tu, vumbi lenyewe likapita.

Sasa chomoeni plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Kama mashine yenu ni ya fezi tatu na imeungwa moja kwa moja ukutani, zimeni swichi kuu na muifunge kwa kufuli, kisha ufunguo ukae mfukoni mwa yule atakayegusa visu. Katika karakana yenye vijana wanne daima yupo mmoja mwenye hamu ya kujaribu kama umeme umerudi.

Hapa naonyesha majina ya sehemu. Meza ya kuingizia ni hii iliyo upande ninaosimama, na ndiyo inayoshushwa ili kuamua kisu kile kiasi gani. Meza ya kupokelea ni ile ya upande wa pili, ambako ubao hufika ukiwa umekwisha kupigwa randa. Ukuta wa kuegemeza umesimama pembeni. Kinga ni hiki kipande chenye springi kinachofunika visu, husogea ubao unapopita na kurudi chenyewe. Mashine nyingi zinazochomelewa na mafundi wa mitaani hutoka bila kinga, na nimeziona zikitumika hivyo kwa miaka. Kama yenu ni ya namna hiyo, tafuteni fundi wa kuchomelea awatengenezee kinga kabla hamjapitisha ubao hata mmoja, kwa sababu ngoma hii inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika na jicho halioni visu, linaona kivuli tu.

Tunafika mahali penye kiini cha video hii, nami naomba mnivumilie nikisema jambo moja mara tatu. Meza ya kupokelea lazima ilingane na ncha ya kisu kinapokuwa juu kabisa ya mzunguko wake. Ikiwa chini ya kisu, ubao utakapoachia meza ya kuingizia utadondoka kidogo, na visu vitauchimba mkiani, inchi mbili za mwisho. Ikiwa juu ya kisu, kichwa cha ubao kitagonga ukingo wa meza; na tofauti ikiwa ndogo kiasi cha ubao kupanda, basi kisu kitakula kidogo zaidi kadiri unavyosukuma, mpaka mwishowe hakili kitu.

Nililijua hilo kwa maneno muda mrefu kabla ya kulijua kwa hasara. Niliwahi kupiga randa mbao nane za mninga kwa ajili ya meza ya chakula, meza ya kupokelea ikiwa chini kwa unene wa karatasi. Kwa macho sikuona chochote. Baadhi ya mbao nilizisukuma kwa kichwa hiki, nyingine kwa kichwa kile, kufuata nyuzi, kwa hiyo zilichimbwa huku na huku. Nilipozipanga na kuzibana kwa gundi, katikati zilishikana kama zimeota pamoja, lakini mwishoni kadi ya simu iliingia bila kusukumwa. Ilibidi nikate inchi tatu kila upande, na meza ya watu sita ikawa ya watu watano na mmoja anayekula akiwa amekaa upande.

Kwa hiyo tunapima hivi. Chukueni kipande cha mbao ngumu kilichonyooka, urefu wa futi moja hivi, na mkilaze juu ya meza ya kupokelea, ncha yake ikipita juu ya ngoma. Wekeni alama ya penseli pale kinapokutana na ukingo wa meza hiyo. Kisha zungusheni ngoma polepole kwa kuushika mkanda, wala si kwa kuishika ngoma yenyewe, na muizungushe kinyume cha mzunguko wake wa kawaida ili makali yasiharibike. Kisu kikifika juu kitakigusa kipande na kukibeba mbele kidogo. Wekeni alama ya pili kwenye ukingo uleule. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa milimita 3 hivi, meza iko mahali pake. Kisu kisipogusa, meza iko juu. Kikikibeba kipande milimita 8 au 10, meza iko chini. Pimeni karibu na ukuta, katikati, na upande wa mbele. Kisha rudieni kwa kila kisu. Mashine yangu ina visu vitatu, kwa hiyo ni vipimo tisa, na hakuna kimojawapo kinachoweza kurukwa.

Hapa ndipo picha inaruka, na ndilo kosa langu la pili. Tazameni kisu cha pili: karibu na ukuta kimebeba milimita 3, lakini upande wa mbele kimebeba 7. Nilikuwa nimekitoa asubuhi kwa ajili ya kukinoa, nikakirudisha kwa haraka kwa sababu kamera ilikuwa tayari. Kilichotokea ni kwamba nilikaza bolti ya mwisho mmoja hadi kikomo kabla ya kugusa nyingine, na pau inayobana kisu ikakiinua upande mmoja. Kwa hiyo tunalegeza na kuanza upya, nanyi mtanisamehe kwa dakika kumi ambazo hazikuwa kwenye mpango.

Bolti za kisu hazikazwi moja hadi mwisho. Anzeni na ya katikati, muishike tu. Nendeni kushoto, nendeni kulia, zote zishike kidogo. Pimeni. Rudini katikati mkaze zaidi, kisha kushoto na kulia. Pimeni tena, kwa kuwa kisu hupenda kupanda wakati wa kukazwa. Halafu mzunguko wa mwisho wa kukaza kwa nguvu za mkono na spana fupi, bila kuongeza bomba la kurefushia mpini. Narudia: si moja hadi mwisho. Na kabla ya kuondoka hapo, kila bolti ya kila kisu iguswe tena kwa spana, kwa sababu kisu kilicholegea hakitawapa onyo, kitaruka kutoka kwenye ngoma. Mimi huhesabu kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, hata kama wateja wamesimama wakinicheka.

Mnaona sasa: 3, 3, na 3 kasoro kidogo. Nimeridhika.

Ukuta ni rahisi. Wekeni guni, yaani kipimo cha pembe mraba, juu ya meza ya kupokelea, karibu na ngoma, mkisimamishe kiegemeo hicho mpaka mwanga usipite, kisha kazeni. Meza ya kuingizia ishuke milimita 1 kwa mninga, mkongo au mtiki, na isizidi milimita 2 kwa misonobari ya Mafinga. Kupitisha ubao mara tatu kwa milimita moja ni salama na hutoa uso laini kuliko kuula mara moja kwa milimita tatu.

Rudisheni umeme. Kama fundi umeme amegusa waya za fezi tatu siku za karibuni, simameni pembeni, washeni na kuzima papo hapo, mtazame ngoma inavyoelekea inapopungua kasi. Upande wa juu wa ngoma unapaswa kuja kuelekea meza ya kuingizia, yaani kumkabili anayesukuma. Ikienda kinyume, zimeni na mumwite fundi umeme abadilishane waya mbili kati ya zile tatu za moto. Jambo jingine la umeme wetu: umeme ukikatika katikati ya kazi, bonyezeni kitufe chekundu kabla ya kwenda kuulizia mita ya LUKU kama ina uniti. Swichi ya kawaida ikiachwa imewashwa, mashine itaanza yenyewe umeme utakaporudi, wakati mtu ameinama akitoa maranda. Kama uwezo upo, fungeni stata ambayo haiwaki tena mpaka ibonyezwe.

Sasa ubao. Huu ni mninga, futi nne, umepinda kidogo. Pitisheni sumaku juu yake kwanza ikiwa ni mbao iliyowahi kutumika, maana msumari mmoja unaharibu visu vyote vitatu. Lazeni chini upande uliobonyea, ili ubao ukae kwa ncha zake mbili bila kuyumba; ukilaza tumbo chini, utabembea na kunyooka hautanyooka. Kisha tazameni ubavuni zinakoelekea nyuzi: zinapaswa kuteremka kuelekea mkiani, upande wenu mnaosukuma. Zikiteremka kuelekea mbele, kisu kitazing'oa badala ya kuzikata, nanyi mtausikia mlio wake kabla ya kuyaona mashimo.

Ubao mfupi kuliko sentimita 30 usipite hapa. Una hatari ya kuangukia kwenye nafasi iliyo kati ya meza mbili, na mkono ukafuata. Pigeni randa ubao mrefu kwanza ndipo mkate vipande, au tumieni randa ya mkono, ambayo mimi binafsi bado naipenda zaidi kwa kazi ndogo kwa sababu inaniruhusu kusikiliza redio.

Vibao vya kusukumia ni hivi viwili ninavyovishika. Nimevitengeneza kwa msonobari, chini nimegundisha mpira wa ndani wa tairi ili visiteleze, na nyuma kimoja kina kisigino kinachoushika mkia wa ubao. Ninaviuza, sitaficha hilo, lakini mmekwisha kuona vilivyotengenezwa, na anayeweza kujitengenezea ajitengenezee leo. Ninachokataa ni mtu kusukuma kwa kiganja kitupu.

Simameni kando ya meza ya kuingizia, wala si nyuma ya ubao, kwa sababu visu vikiukataa ubao huurusha nyuma. Anzeni kusukuma kwa mwendo mmoja, mkandamizo ukiwa kwenye meza ya kuingizia. Ubao ukishapita ngoma kwa urefu wa futi moja hivi, hamisheni kibao cha mkono wa kushoto kwenye meza ya kupokelea, na kuanzia hapo mkandamizo ukae upande ule. Tazameni mkono wangu: unanyanyuka, unaruka juu ya ngoma, unatua ng'ambo. Haupiti juu ya visu ukiwa umekandamiza. Narudia kwa sababu hili nimeliona likimtokea mwenzangu: mkono haukandamizi juu ya visu, hata kama ubao ni mnene, kwani fundo likivunjika au ubao ukirushwa, kilichobaki chini ya kiganja ni ngoma.

Mpito wa kwanza umegusa ncha mbili tu, kama ilivyotarajiwa. Wa pili, wa tatu. Hapa kamera imeziba vumbi, kijana anafuta. Wa nne, uso wote umeguswa. Sasa uso huo unaegemea ukutani na tunapiga ubavu, mkandamizo ukielekea ukutani zaidi kuliko chini.

Kuhakikisha ni rahisi. Simamisheni mbao mbili, ubavu juu ya ubavu, mkizielekeza dirishani. Mwanga ukipenya katikati pekee, au mwishoni pekee, hakuna gundi wala klampu itakayouficha. Rudini kwenye meza ya kupokelea. Wangu hauonyeshi mwanga, isipokuwa pale pembeni penye fundo, nami nitaliweka fundo hilo upande wa chini wa meza.

Zimeni, kisha msubiri ngoma isimame yenyewe. Msiizuie kwa kipande cha mbao. Mfugaji wa kuku amekwisha kufika mlangoni na gunia lake kuchukua maranda, kama afanyavyo kila Jumamosi, lakini atasubiri nje mpaka nichomoe plagi.