Kupima msitu kwa droni Dodoma bila ramani kukudanganya

Kabla ya rimoti, shika kalenda. Miombo na migunga ya huku kwetu hupukutisha majani kiangazi. Ukirusha Aprili kisha ukarudia Septemba, kompyuta itakuonyesha msitu umefyekwa, kumbe miti imesimama palepale. Chagua mwezi mmoja, urudi mwezi huohuo kila mwaka. Mwishoni mwa Aprili panafaa: mvua zinakatika na majani bado yapo.

Kibali cha droni ni cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na mwenye msitu naye aridhie, awe TFS (wakala wa misitu), halmashauri au kijiji.

Sasa tunapanga njia. Kwa kamera ya kihisi cha inchi moja, ukiwa mita 100 juu, picha moja hufunika takriban mita 150 kwa 100. Weka picha zipandane asilimia 85 mbele na 80 ubavuni: mistari inaachana mita 30, na kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde kamera inapiga kila sekunde 2.5. Wengi huweka 75 ubavuni ili kuokoa betri. Hesabu hiyo ni ya ardhini. Juu ya kilele cha mbuyu wa mita 18 imeshashuka hadi 70, na hapo ndipo ramani inapotoboka. Hekta 50 zitakula kama dakika 50 angani. Beba betri nne, na kila moja ishushe ikifika asilimia 30.

Rusha kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Adhuhuri vivuli ni vifupi zaidi, ni kweli, ila upepo wa Dodoma huwa umeshaamka, na tawi linalotikisika programu hailitambui kutoka picha moja hadi nyingine.

Ili ramani ikae mahali pake, tandaza ardhini vibao vitano vya alama vya sentimita 60 kwa 60, vyeusi na vyeupe, vinne pembeni na kimoja katikati, mahali pasipo na matawi juu. Pima mahali pa kila kimoja kwa GPS ya wapima ardhi. Angalia kanda ya UTM, mfumo wa koordinati unaogawa dunia kwa kanda: Dodoma mjini na Kondoa ni 36 Kusini, Kongwa na Mpwapwa ni 37 Kusini. Ukikosea hapo, vibao havitakaa kabisa kwenye picha.

Chakata kwa WebODM, programu ya kuunganisha picha kuwa ramani, haina malipo. Toa kimo cha ardhi kwenye kimo cha uso wa juu, unabaki na urefu wa miti. Kwenye kichaka kilichofunga, kamera haiioni ardhi, hivyo miti hutoka mifupi kuliko ilivyo. Pale panahitaji laida, inayopima kwa miale ya leza. Vyovyote vile, pima kwa miguu viwanja vya duara vya nusukipenyo cha mita 15 ili kulinganisha na ramani, unene wa shina ukichukuliwa mita 1.3 kutoka chini.

Sasa kuza picha ya ramani yako. Tuseme umeona hiki: Doa jeusi, kingo zake zimekatika vizuri, nukta nyeupe zimelizunguka, na kijia chembamba kinaingia. Moto wa nyika huacha weusi mpana usio na mpaka. Hili ni tanuri la mkaa, na nukta zile ni visiki vibichi. Chukua koordinati, nenda ukalione kwa miguu, ndipo uliandike kwenye ripoti.