Kitanda cha Saba: Mhadhara kwa Wanaotaka Kufungua Shule ya Bweni ya Watoto Walio Hatarini

Ndugu wasikilizaji, Starehe Boys' Centre ya Nairobi ilianza mwaka 1959 kwa mabanda mawili ya mabati, msaada wa kampuni za mafuta za Shell na BP. Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu waliwalaza humo mayatima na watoto wa mitaani walioachwa na miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Kwa hiyo msingoje ghorofa. Banda linatosha, mradi mtoto aweze kutoka usiku moto ukizuka na kusema mchana.

Usiku kwanza. Mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu ya Kenya wa 2008 unataka vitanda viachane mita 1.2, ujia usipungue mita 2, milango iwe ncha zote mbili na wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje, madirisha bila nondo. Sasa pimeni. Bweni la mita 12, kitanda cha sentimita 90: kila upande vinaingia 6, hesabu imekwisha. Lakini saa tano usiku polisi wanaleta mtoto, na nani atamrudisha barabarani? Kitanda cha saba kinasukumwa mbele ya mlango wa dharura "kwa leo tu", na hapo ndipo kinapokaa mwaka mzima. Dawa yake ni kuacha vitanda viwili vitupu tangu siku ya kufungua, hata mfadhili akinung'unika.

Halafu kufuli. Watoto wageni hutoroka sana wiki za mwanzo, basi mlezi anafunga mlango kwa nje. Shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, moto wa bwenini uliua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Mlezi alale karibu na mlango. Anayetoroka hutafutwa kesho.

Sasa mchana. Pale Starehe Griffin alikuwa na baraza: mvulana anasimama mbele ya wote na kulalamika. Akisema maharagwe yana wadudu, mtunza stoo ajibu papo hapo. Akiadhibiwa baadaye, wiki ijayo mtasikia kikohozi tu. Ila baraza halifai kwa mtoto anayeguswa vibaya na mlezi au na kiranja. Hawezi kuyasema mbele yao. Huyo anahitaji mtu wa nje, ofisa wa watoto, anayefika kwa siku inayojulikana na kukaa naye faraghani, mlezi akiwa mbali.