Rozari ya Mkate

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mliofika, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Mmeniomba nizungumze juu ya imani wakati wa vita. Sitawapeleka mbali. Pandeni daladala ya Usa River hapa Arusha, mshuke Tengeru. Pale, si mbali na Ziwa Duluti, kuna makaburi karibu 150 ya Wapolandi. Wangapi kati yetu tumepita tukiwahi soko bila kujiuliza walifikaje?

Februari 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Kisovieti walianza kugonga milango usiku, mashariki mwa Polandi. Familia nzima nzima zikasombwa kwa mabehewa ya mifugo hadi Siberia, kukata magogo kwenye theluji. Mwaka 1941 Ujerumani ikaishambulia Urusi, Stalin, mtawala wa Urusi, akawaachia. Wakashuka hadi Uajemi. Wanaume wengi wakaingia jeshini. Akina mama na watoto wakaletwa huku. Tengeru peke yake ilipokea kama 5,000.

Sasa naomba tutulie kidogo. Katika kambi na magereza yale, kipande cha mkate ndicho kilikuwa uhai. Hata hivyo wapo waliojinyima tonge, wakalifinyanga kuwa punje ndogondogo, wakazikausha, wakazitunga kwenye uzi. Rozari. Una njaa, mwanao analia njaa, na bado unatenga mkate wa kusalia! Mimi nimelea watoto sita. Kila nikilifikiria jambo hili nashindwa kuendelea na kazi niliyoshika.

Na msidhani walipewa walichoomba. Waliomba kurudi kwao. Mwaka 1945, kwenye mkutano wa Yalta, wakubwa wa Marekani, Uingereza na Urusi wakakubaliana mashariki ya Polandi ibaki kwa Stalin. Kwao hapakuwa kwao tena.

Marehemu bibi yangu, Mmeru wa hapo hapo, alikuwa akiwauzia ndizi. Alituambia walikaa kwenye vibanda vya mviringo vya nyasi, wakawa na kanisa na shule, na kwamba mama mmoja alipanda maua mlangoni hata kabla ya kupata kitanda.

Mwaka jana, Siku ya Marehemu Wote, nilikwenda makaburini na mjukuu wangu. Tukafika kwenye kaburi fupi, la mtoto. Akalipima kwa hatua: mbili. Akaniuliza lile jina linasomwaje. Nilijaribu, ulimi ukakataa. Basi tukapiga magoti, tukamwombea hivyo hivyo.